Pipa la Wiski Lapata Kazi ya Pili Jalisco

Sheria ya Marekani hairuhusu pipa moja kuzalisha bourbon mara mbili. Tangu miaka ya 1930, wiski inayotaka kubeba jina hilo lazima ilazwe ndani ya chombo kipya cha mti wa mwaloni, kilichounguzwa ndani kwa moto mpaka mbao zikaota ngozi ya mkaa. Wiski ikishamiminwa nje, pipa lile la lita 200 hivi limemaliza kazi kwa tajiri wake wa kwanza, ingawa mbao zake ni nzima, pete zake za chuma zimekaza na halivuji hata tone. Jimbo la Kentucky peke yake lina mapipa zaidi ya milioni 14 yaliyolala maghalani. Yanapofunguliwa, lazima yatafutiwe pa kwenda.

Mengi huvuka bahari kwenda Scotland na Ireland. Mengine huenda visiwa vya Karibi kuhifadhi ramu. Na mengine, kwa maelfu, hushuka kusini hadi jimbo la Jalisco, magharibi mwa Mexico, ambako hujazwa tekila, pombe kali ya mmea ambao mtu wa Tanga, Morogoro, Kilifi au Taita Taveta angeutambua mara tu autupiapo macho. Majani marefu yenye miiba nchani, yamejipanga kuzunguka kitovu kimoja, safu kwa safu mpaka milimani. Ni agave, na agave ni ndugu wa mkonge.

Ni ndugu kweli, wa ukoo mmoja. Mkonge wetu kwa jina la kitaalamu ni Agave sisalana, na asili yake ni huko huko Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai pwani yetu haikuzidi 70. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo michache yakaja mashamba makubwa, makorona ya kusaga majani, singa zilizoanikwa juani na makambi ya manamba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali. Baadaye watafiti wa Mlingano, wilayani Muheza, wakazalisha mkonge chotara maarufu kwa namba 11648. Mmoja wa wazazi wa chotara huyo ni Agave angustifolia, aina ile ile ambayo wakulima wa jimbo la Oaxaca, kusini mwa Mexico, huiita espadín na kuikeneka kupata meskali, pombe nyingine kali ya agave. Kwa hiyo mashambani Tanga mna damu ya mmea wa meskali, nasi miaka yote tumekuwa tukiuvunia kamba.

Tofauti ipo kwenye kisu. Sisi hukata majani na kuuacha moyo. Wao hukata majani na kuyatupa, kisha hung'oa moyo wenyewe, ambao huuita piña kwa kuwa ukishanyolewa unafanana na nanasi kubwa. Mkulima wa mkonge anajua kwamba mmea ukishatoa mlingoti, maisha yake yamekwisha: nguvu zote zimepanda juu kwenye maua na vichipukizi. Mvunaji wa Jalisco, jimador, anajua jambo hilo hilo na hulitumia. Mlingoti ukianza kuchomoza huukata mapema, ili sukari ibaki chini moyoni.

Agave ya buluu, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kutengeneza tekila, huhitaji miaka sita hadi minane kukomaa. Moyo mmoja huwa na uzito wa kilo 30, 50, wakati mwingine 70. Ndani yake mmejaa fruktani, wanga wa aina yake usio mtamu na usiochacha kwa urahisi. Ndiyo maana lazima upikwe, ama katika tanuri la matofali kwa siku moja hadi tatu, ama katika mtungi wa chuma wa mvuke kwa saa chache. Joto hulivunja fungamano la fruktani, na unaotoka tanurini ni utamu mzito wa rangi ya kahawia. Kisha husagwa, hukamuliwa, huchachuliwa na kukenekwa, kwa kawaida mara mbili. Kinachotoka mtamboni ni kimiminika cheupe kama maji, chenye harufu ya agave iliyopikwa, pilipili manga, majani mabichi, ndimu, na pengine udongo uliopata mvua. Hiyo ndiyo blanco.

Nasisitiza hatua hii ya kabla ya pipa kwa sababu ndiyo inayotofautisha agave na shayiri ya wiski, na mjadala wote wa mapipa unategemea hapo. Shayiri hupandwa na kuvunwa katika msimu mmoja. Pombe yake ikitoka mtamboni ina tabia, lakini sehemu kubwa ya kile mnywaji anachokiita wiski huja baadaye, ndani ya mbao. Agave imeshakaa ardhini miaka saba kabla mtu hajaigusa. Imepita misimu ya mvua na kiangazi, imekusanya sukari, mafuta na harufu zake taratibu. Inapofika kwenye pipa imeshakuwa kitu kamili. Kwa hiyo fundi wa agave ana shughuli ngumu kuliko ya mwenzake wa wiski: pipa liongeze jambo bila kufuta lililokuwapo.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Benn na Peppard, waliichambua tekila kwa mitambo na kwa pua za wanadamu. Walikuta ndani yake kemikali nyingi sana, wakataja tano zenye harufu yenye nguvu kuliko nyingine, vanilini ikiwa mojawapo. Kisha wakajaribu kuiunda upya ladha ya tekila kwa kuchanganya kemikali walizozitambua. Hawakufanikiwa. Ladha ya agave imejengwa kwa vitu vingi vidogo vinavyoshikana, na vitu vya namna hiyo hufunikwa kwa urahisi.

Mwaloni mweupe wa Marekani una nguvu ya kufunika. Ule moto unaounguza pipa jipya huuvunja mti vipande vipande kikemia. Hemiselulosi, ambayo ni sukari zilizofungwa ndani ya mbao, huungua na kutoa ladha ya karameli. Lignini, gundi inayoushika mti, huachia vanilini. Mwaloni huo pia umebeba laktoni, zinazonukia kama nazi iliyokunwa, na tanini zinazokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Ngozi ya mkaa nayo hufanya kazi ya kuchuja: hunasa harufu za kiberiti ambazo pombe changa hutoka nazo mtamboni. Bourbon huingizwa humo ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5, na kwa miaka minne, sita au minane ya kiangazi kikali cha Kentucky hupenya mbao na kutoka, hupenya na kutoka, ikichukua kila kinachochukulika.

Kwa hiyo pipa linalofika Jalisco limeshanyonywa, nalo pia limenyonya: ndani ya mbao zake zimebaki lita kadhaa za wiski. Wenyeji wa mwambao wanaofukiza mitungi ya maji kwa ubani wataelewa haraka. Mtungi uliofukizwa asubuhi ile ile huyapa maji harufu ya ubani na kuyanyima ladha yake. Mtungi uliofukizwa siku nyingi na kutumika huyaacha maji yawe maji, yenye harufu nyuma yake tu.

Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu agave na mwaloni. Pipa la wiski linaifaa kwa sababu limechoka. Wengine wanauona uchovu huo kuwa upungufu unaovumiliwa kwa vile pipa kuukuu ni rahisi kuliko jipya. Ni kweli bei ina sehemu yake. Hakuna mfanyabiashara anayelipuuza pipa zima linalouzwa kwa sehemu tu ya gharama ya jipya. Lakini hata kama bei zingelingana, pipa lililokwisha kutumika lingekuwa chaguo bora kwa tekila nyingi. Vanila yake imepungua, tanini zake zimepoa, na limebakiwa na sifa ambayo pipa jipya halina, nayo ni kuipa pombe muda wa kupumua. Hewa kidogo hupita kwenye vinyweleo vya mbao, makali ya kilevi yanalainika, na harufu ngeni zinaanza kujitunga bila mti kupaza sauti.

Pipa haliingii kazini vivi hivi. Likikaa tupu muda mrefu mbao hukauka na kusinyaa, pete hulegea, na siku ya kujazwa pombe hutiririka sakafuni. Kwa hiyo hulowekwa maji kwanza mpaka mbao zivimbe na kubana. Viwanda vingine huyasuuza mabaki ya wiski. Vingine huyaacha makusudi. Pipa likishatumika mara kadhaa na kukosa la kusema, fundi hulifungua, hukwangua mbao ndani na kuziunguza upya. Ndiyo maana ghala moja la tekila huwa na mapipa ya umri mbalimbali, na ustadi wa msimamizi wake umo katika kuchanganya: kidogo cha pipa changamfu, kingi cha pipa tulivu.

Sheria ya Mexico imegawa tekila kwa muda wa kulala. Blanco haikai, au hukaa chini ya miezi miwili. Reposado, yaani iliyopumzishwa, hukaa angalau miezi miwili ndani ya mwaloni, na ukubwa wa chombo haukuwekewa kikomo. Wapo wanaoipumzisha katika matangi ya mbao ya maelfu ya lita. Añejo hukaa mwaka mmoja au zaidi katika chombo kisichozidi lita 600. Mwaka 2006 likaongezwa daraja la extra añejo, la miaka mitatu na kuendelea. Kiwanda cha Herradura, kilichoko Amatitán, ndicho kinachojitaja kuwa cha kwanza kuuza reposado, mwaka 1974, mwaka ule ule Mexico ilipolilinda kisheria jina la tekila lisitumiwe na wengine. Leo jina hilo ni la majimbo matano tu: Jalisco yote, na baadhi ya wilaya za Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas.

Reposado ndilo daraja ninaloliheshimu kuliko yote. Miezi sita hadi kumi katika pipa la bourbon hutosha kuingiza asali na mdalasini kidogo, na bado pilipili ya agave inasikika nyuma ya ulimi. Añejo ya miaka miwili, kutoka mikono yenye subira, inaweza kuwa nzuri mno. Baada ya hapo mti huanza kutawala. Nyingi ya extra añejo zinazouzwa kwa bei ya kutisha zimekuwa wiski iliyopikwa kwa agave. Anayezipenda ana haki yake, lakini mmea uliokaa ardhini miaka saba hausikiki tena. Miaka mitatu Scotland ni umri wa chini kabisa ambao kisheria pombe inaweza kuitwa wiski. Jalisco, miaka mitatu ni uzee.

Hali ya hewa ina mkono hapo. Ghala la Scotland ni la baridi na unyevu, na pombe inayotoweka kwa mvuke ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Watu wa kazi hiyo huliita fungu la malaika. Mji wa Tequila uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Los Altos, upande wa Arandas, zinakaribia mita 2,000. Mchana jua ni kali, usiku hupoa, na kiangazi kirefu hukausha hewa. Pipa huvimba na kusinyaa, pombe husukumwa ndani ya mbao na kurudishwa, na fungu la malaika ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kulinganisha namba za miaka kwenye chupa ya Jalisco na ya Scotland hakumpi mnunuzi taarifa yoyote.

Rangi nayo haimpi. Sheria inaruhusu tekila iliyolazwa iongezwe vitu vinne bila kuvitaja kwenye lebo, mradi visizidi asilimia 1 ya uzito: rangi ya karameli, dondoo ya mwaloni, gliserini na sharubati ya sukari. Asilimia 1 inasikika kama kiasi kidogo, lakini dondoo ya mwaloni ni nzito, na matone machache yanaweza kuiga miezi ya pipa. Ubishi juu ya ruhusa hii umekuwa mkali miaka ya karibuni, kati ya wazalishaji wanaotaka kutangaza kwamba hawaongezi kitu na mamlaka zinazosimamia kinachoweza kuandikwa kwenye chupa. Mimi nasimama upande wa wanaotaka kusema. Mkulima aliyengoja miaka saba na mwenye ghala aliyengoja miwili wanastahili mnunuzi ajue kwamba walingoja.

Kuna pia mtindo unaoitwa cristalino. Tekila hulazwa pipani mwaka mzima au zaidi, ikapata rangi, kisha hupitishwa kwenye mkaa mpaka iwe nyeupe tena. Mojawapo ya zilizoutangaza mtindo huo ni Don Julio 70, iliyotolewa kuadhimisha miaka 70 tangu Don Julio González aanze kukeneka mwaka 1942. Inauzika sana Mexico kwenyewe. Lakini mkaa haubagui: ukinasa rangi hunasa na harufu, na mara nyingi huhitajika utamu kuziba pengo. Kazi ya pipa imefanywa, kisha ikafutwa nusu.

Pipa lipi linakwenda kiwanda kipi? Majibu mengi yamo kwenye hati za umiliki. Herradura ilinunuliwa na Brown-Forman mwaka 2007, na Brown-Forman ndiyo yenye wiski ya Jack Daniel's. Tekila ya Patrón ilichukuliwa na Bacardi mwaka 2018, na Bacardi inamiliki wiski ya Dewar's. Kampuni ya Diageo ilipata Don Julio yote mwaka 2015 kwa kubadilishana na familia inayomiliki tekila ya Cuervo: Diageo ilitoa kiwanda cha wiski cha Bushmills cha Ireland Kaskazini, ikapokea sehemu ya Don Julio iliyokuwa haijaimiliki. Kampuni ya Suntory ina Jim Beam ya Kentucky, Laphroaig ya kisiwa cha Islay huko Scotland, na tekila ya El Tesoro. Pipa likihama kutoka wiski kwenda agave, mara nyingi linahama chumba ndani ya nyumba ya tajiri mmoja.

Matokeo yake yanavutia zaidi yanapohusisha Islay. Katika kisiwa hicho shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, unaokatwa matofali, kukaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo huingia kwenye nafaka, ukatoka na pombe, ukazama kwenye mbao. Diageo ililaza Don Julio reposado katika mapipa yaliyotoka Lagavulin, kiwanda chake cha wiski kisiwani humo. El Tesoro nayo ilimalizia añejo yake katika mapipa ya Laphroaig. El Tesoro hukenekwa La Alteña, karibu na Arandas, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1937 na Don Felipe Camarena na ambacho kizazi cha tatu cha familia hiyo bado kinakiendesha, kikiwa na gurudumu la jiwe la kusagia agave. Hawa si watu wa kukimbilia mitindo. Kwa kawaida hutumia mapipa ya bourbon, kwa kiasi.

Jaribio la namna hii lingeweza kuharibika vibaya, kwa maana moshi wa Islay una harufu ya dawa ya kidonda, chumvi na majivu. Lakini agave na moshi walijuana zamani. Meskali ya Oaxaca hupikwa ndani ya shimo la ardhini, juu ya mawe yaliyopashwa moto kwa kuni, na hufunikwa kwa udongo siku kadhaa. Moshi ni sehemu ya mwili wake. Tekila iliuacha moshi ilipohamia kwenye matanuri ya matofali na mvuke. Katika pipa la Lagavulin moshi umeirudia kwa njia ya mzunguko, kupitia kinamasi cha Scotland. Hapa mapipa yaliyochoka yanathibitisha thamani yake kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pipa jipya lililojaa vanila lisingeacha nafasi ya moshi na agave kukutana.

Kwa muda mrefu safari ilikuwa ya upande mmoja, wiski kwanza, agave baadaye. Mwaka 2019 kanuni za wiski ya Scotland zilirekebishwa na kutaja kwa upana zaidi mapipa yanayokubalika, yakiwamo yaliyohifadhi pombe za agave. Mwaka uliofuata Dewar's ikatoa wiski iliyomaliziwa katika mapipa ya meskali ya Ilegal. Kwa hiyo sasa pipa linaweza kuzaliwa Kentucky, likakomaza bourbon, likashuka Mexico kulaza agave, kisha likapanda meli kwenda Scotland. Wiski inayopita humo hupata kitu kama pilipili hoho mbichi na ganda la ndimu, kwa mbali. Ni kidogo, na ni vizuri kiwe kidogo.

Oaxaca kwenyewe wapo wengi wasiotaka pipa kabisa, na hoja yao ni nzito. Baadhi ya agave za porini wanazozikeneka, kama tepeztate, huweza kuchukua hadi miaka 25 kukomaa. Mzee wa kijiji aliyeusubiri mmea tangu mwanawe akiwa mtoto hana sababu ya kuja kuufunika kwa mti wa nchi nyingine. Anapotaka kuituliza meskali yake huitia kwenye vyombo vya kioo na kuiacha mahali penye giza. Kanuni za meskali za mwaka 2016 zimeitambua njia hiyo kama daraja kamili: meskali iliyokomazwa kwenye kioo, kwa zaidi ya miezi 12. Kioo hakitoi rangi wala vanila. Muda peke yake hufanya kazi, na makali hupungua kweli. Kwa espadín iliyopikwa vyema pipa la wiski lililochoka sana linaweza kuvumilika. Kwa tepeztate nakubaliana na wazee: kioo.

Biashara hii ina upande mwingine ambao mtu wa Tanga atauelewa bila kuelezwa. Tekila ilipopata umaarufu, hasa Marekani, ambako mwaka 2022 pombe za agave ziliipita wiski ya nchi hiyo kwa thamani ya mauzo, kila mwenye shamba Jalisco alipanda agave. Mwaka huo huo uzalishaji wa tekila ulivuka lita milioni 600. Bei ya kilo ya agave ilikuwa imepanda hadi kufikia pesos 30 hivi. Miche yote ile ilipokomaa kwa pamoja, bei ikaporomoka hadi chini ya 10. Mmea wa miaka saba hausubiri soko, wala haurudi nyuma. Tanganyika iliwahi kufikia kilele cha tani 230,000 hivi za mkonge mwaka 1964, kisha kamba za plastiki zikaingia, na familia zilizopanda kwa bei ya jana zikavuna kwa bei ya leo. Jalisco ina mwavuli mmoja ambao sisi hatukuwa nao: ziada ya agave inaweza kukenekwa, kumiminwa pipani na kungoja. Ila anayemiliki pipa ndiye anayengoja kwa raha. Mkulima mdogo aliyelima kwa mkopo hana ghala.

Upande wa mapipa nako kumetikisika. Mahitaji ya wiski ya Marekani yamepungua baada ya miaka mingi ya kupanda, na Januari 2025 Brown-Forman ilitangaza kuifunga karakana yake ya mapipa mjini Louisville, iliyofanya kazi tangu 1945. Mapipa mapya yakipungua leo, yaliyotumika yatapungua miaka ya baadaye. Kwa sasa maghala ya Kentucky bado yamejaa, na wenye viwanda Jalisco wanaweza kuchagua. Natamani wautumie wakati huu kuchagua kwa makini: mapipa yaliyotumika mara mbili na tatu, yanayoiachia agave nafasi, badala ya kukimbilia yale yenye rangi nyingi kwa haraka.

Anayeikuta chupa ya namna hii dukani, iwe Nairobi, Dar es Salaam au uwanja wa ndege, ana mambo machache ya kutazama. Maandishi ya agave asilimia 100 yawepo. Yasipokuwepo, sheria inaruhusu karibu nusu ya sukari iliyochachuliwa itoke kwingine, kwa kawaida kwenye miwa. Kama kiwanda kinauza blanco na reposado, blanco ionjwe kwanza, ndipo mtu ajue pipa limeongeza nini na limechukua nini. Na kwenye lebo kuna namba ya tarakimu nne inayoanziwa na herufi NOM. Hiyo ni namba ya kiwanda kilichoikeneka, na namba moja inaweza kukutwa kwenye chapa nyingi tofauti, zenye chupa tofauti na bei zinazotofautiana sana, zote zimetoka chini ya paa moja.